Kiwanja cha El Paso na Watoto wa Sudi

Hadi kumalizika kwa Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Tanzania ilikuwa imepata medali mbili tu katika michezo hiyo. Zote mbili ni za fedha, zote zilipatikana Moscow mwaka 1980, na zote zilitokana na mbio. Filbert Bayi alishika nafasi ya pili katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alishika nafasi ya pili katika mita 5,000, akiachwa na Miruts Yifter wa Ethiopia kwa muda usiotimia sekunde moja: dakika 13 na sekunde 20.91 kwa dakika 13 na sekunde 21.60. Haya wazee wetu wanayajua, na wapo wanaoyasimulia barazani hadi leo.

Lisilosimuliwa ni kwamba mwaka ule Nyambui alikuwa mwanafunzi. Alikuwa amejiandikisha katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo mji wa El Paso, kusini mwa Marekani, ambacho kwa kifupi huitwa UTEP, na miguu yake ndiyo iliyomfungulia mlango wa chuo hicho. Tumeona tuliandike jambo hili katika kurasa za familia, wala si katika ukurasa wa michezo, kwa kuwa linawahusu wazazi kuliko linavyowahusu wakimbiaji, na kwa kuwa hapa Sudi kamati yetu ya msikiti inakabiliwa na uamuzi unaoligusa moja kwa moja. Uamuzi huo tutaufikia.

El Paso ni mji wa jangwa, mpakani mwa Marekani na Mexico. Ukivuka mto tu, upo Ciudad Juárez, nchi nyingine. Mvua ya mwaka mzima huko ni kiasi cha milimita 230, na mji wenyewe umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Chuo kilifunguliwa mwaka 1914 kikiwa shule ya kufundisha uchimbaji wa madini, na hadi leo timu zake huitwa Wachimbaji. Majengo yake, ajabu kidogo, yamejengwa kwa mtindo wa nchi ya Bhutan iliyopo milima ya Asia. Chini ya milima ya Franklin, ndani ya eneo la chuo, kipo kiwanja cha riadha kinachoitwa Kidd Field, kwa jina la mmoja wa wakuu wa chuo wa miaka ya mwanzo. Hicho ndicho kiwanja tunachotaka msomaji akifikirie: njia ya kukimbilia, shimo la mchanga la kurukia, na kando yake madarasa na maktaba. Mwanafunzi hutoka darasani akaingia kiwanjani kwa miguu yake, na jioni hurudi kusoma.

Katika kiwanja hicho, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kocha Ted Banks alikusanya vijana wa Kiafrika kutoka Kenya, Tanzania na Afrika Kusini, wakawashinda Wamarekani kwao. Nyambui peke yake alichukua ubingwa wa vyuo vikuu wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na ubingwa wa mbio za nyika wa mwaka 1980. Mwaka 1981, katika kiwanja cha ndani jijini New York, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 20.4, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia ndani ya ukumbi hadi siku hiyo. Watanzania wenzake Gidamis Shahanga na Zakaria Barie nao walipita chuoni hapo. Hao wawili ndio walioshika nafasi ya kwanza na ya pili katika mita 10,000 za Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane mwaka 1982.

Ili msomaji aone ukubwa wa timu ile, tueleze kidogo namna mbio za nyika za vyuo zinavyohesabiwa. Kila chuo huleta wakimbiaji saba, na nafasi walizoshika watano wa kwanza hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Chuo ambacho vijana wake wangeshika nafasi ya kwanza hadi ya tano kingepata pointi 15, na hapo hakuna pa kushuka tena. Mwaka 1981 UTEP ilipata 17. Hakuna chuo cha wanaume kilichoipita hesabu hiyo katika fainali ya taifa hadi leo.

Lakini si medali zilizotufanya tushike kalamu. Kilichotushughulisha ni mkataba ulio nyuma yake. Chuo kikuu cha Marekani humlipia mwanamichezo ada, malazi, chakula na vitabu, chote au sehemu. Naye huanza mbio za nyika majira ya vuli, huingia kwenye viwanja vya ndani wakati wa baridi, kisha riadha ya nje majira ya kuchipua, na katikati ya hayo yote sharti afaulu masomo. Akishindwa darasani, haruhusiwi kukimbia. Kwa mzazi wa pwani ambaye mazao yake ni korosho, nazi na samaki, na ambaye bei ya korosho haimuulizi kabla ya kushuka, mkataba wa namna hii ni mkubwa kuliko medali. Ni shahada bila kuuza shamba.

Hata hivyo, hatutaki mtu asome hapa akaona asali tupu. Mkataba una pande mbili, na wenye nguvu ni upande mmoja. Bob Beamon, Mmarekani mweusi, alikuwa mwanafunzi wa UTEP kwa ufadhili wa riadha. Mwaka 1968 yeye na wenzake weusi kadhaa walikataa kushindana na chuo kimoja cha kanisa ambalo mafundisho yake ya wakati huo yaliwabagua watu weusi. Wakanyang'anywa ufadhili. Miezi michache baadaye, kwenye Olimpiki ya Mexico, Beamon aliruka chini umbali wa mita 8.90, mruko ambao haukuvukwa hadi mwaka 1991. Ngalawa nyingi zinazoegeshwa ufukweni petu hazifiki urefu huo. Chuo kilikuwa kimekwisha kumwacha.

Yupo pia Henry Rono wa Kenya, aliyesoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Mwaka 1978, katika siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 10,000, mita 5,000, mita 3,000, na mita 3,000 za viunzi na maji. Nchi yake ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kwa hiyo hakupata hata kushindania medali katika umri wake bora. Baadaye aliangukia ulevi na umasikini, mambo ambayo mwenyewe aliyaeleza hadharani kwa ujasiri kabla ya kufariki mwaka 2024. Kijana anayepelekwa peke yake katika nchi ya mbali, akipewa sifa nyingi na uangalizi mchache, anahitaji zaidi ya kocha. Anahitaji kujua msikiti wa mji ule uko wapi, na anahitaji mtu wa nyumbani anayempigia simu kuuliza habari zake, si habari za saa yake. Hilo tunawaambia wazazi waliokwisha kuanza kuota ndoto.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Njia aliyopita Nyambui imebanwa. Yeye alizaliwa mwaka 1953, na alipoingia El Paso alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, mtu mzima. Makocha wa Kimarekani wakalalamika kwamba vijana wao wa miaka kumi na minane wanashindanishwa na wanaume kamili, na kusema kweli malalamiko yale yalikuwa na chembe ya haki. Baadaye chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaweka kanuni za kumpunguzia misimu mwanamichezo anayekaa muda mrefu baada ya kumaliza sekondari huku akiendelea kushiriki mashindano rasmi. Zaidi ya hayo, vyuo vya daraja la kwanza humtaka mwanafunzi awe na masomo ya msingi kumi na sita ya sekondari, yakiwemo Kiingereza, hesabu na sayansi, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4.0. Maana yake kwetu ni nyepesi kueleza na nzito kutekeleza: mtoto hawezi kuacha shule kidato cha pili, akavua samaki miaka mitano, kisha akasema sasa nitakimbia. Mbio na daftari vianze pamoja, tena mapema.

Tena ufadhili kamili si mwingi kama mitaani unavyovumishwa. Kwa miaka mingi, hadi mabadiliko ya mwaka 2025, chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa jumla ya ufadhili 12.6 kwa timu nzima ya wanaume ya riadha na nyika, na kocha aliugawa vipande: huyu nusu, yule robo. Kwa sababu hiyo, mtu akija kwa mzazi na kudai fedha kwa ahadi ya nafasi ya bure Marekani, aulizwe jina la chuo na jina la kocha, na kocha aandikiwe kupitia anuani ya chuo chenyewe. Asiyeweza kutaja mawili hayo aagwe kwa heshima.

Kwa timu ya wanawake hesabu ilikuwa 18. Wasichana walitengewa nafasi nyingi kuliko wavulana, na chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Hapa tunajua baadhi ya wasomaji watakunja uso. Tumekutana na kunja-uso hiyo katika kikao chetu wenyewe. Tunachoomba ni kwamba suala la mavazi na stara lijadiliwe kama suala la mavazi na stara, lisigeuzwe kuwa hukumu ya kukimbia kwenyewe. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Kila mwanafunzi wa madrasa ameisikia habari hiyo. Ibtihaj Muhammad, Mmarekani mweusi Mwislamu, alichaguliwa mchezo wa kupigana kwa vitara tangu utotoni, na sababu mojawapo ya wazazi wake ilikuwa kwamba vazi la mchezo huo hufunika mwili. Akapitia mchezo huo Chuo Kikuu cha Duke, akahitimu mwaka 2007, na mwaka 2016 mjini Rio akapata medali ya shaba pamoja na timu yake akiwa amevaa hijabu. Wazazi hawakuanza na katazo. Walianza kwa kutafuta mchezo unaolingana na wanayoyaamini. Na hapa nchini, Zakia Mrisho aliiwakilisha Tanzania katika mita 5,000 kwenye Olimpiki za Beijing 2008 na London 2012.

Turudi nyumbani, basi. Vyuo vyetu vya Tanzania havina mkataba kama ule wa El Paso. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa chuo kamili tarehe 1 Julai 1970, kina viwanja vyake pale Mlimani na kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo, lakini mkopo wa elimu ya juu hutolewa kwa kutazama uhitaji wa familia na programu ya masomo. Saa ya mkimbiaji haimo katika hesabu. Chuo hicho sasa kinaleta kampasi katika mkoa wetu wa Lindi. Tunafurahi, na tungependa wawakilishi wetu waulize mapema, kabla ramani haijajaa: kiwanja kitakuwa wapi, na je, watoto wa shule za jirani watakaribishwa humo siku za Jumamosi?

Mlango wa kwanza kwa mtoto wa Sudi si chuo, ni mashindano ya shule. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni, hupanda wilayani na mkoani, kisha taifa. Mwaka 2019 na 2021 fainali za taifa zilifanyika kwa jirani zetu Mtwara, umbali ambao basi la asubuhi lingemfikisha mtoto na la jioni likamrudisha. Watoto wetu wengi walizisikia redioni. Tunapotazama orodha za wakimbiaji maarufu wa nchi hii, tunaona Manyara, Arusha, Singida, na watu huhitimisha kwamba mbio ni za watu wa nyanda za juu. Kwa mbio ndefu hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mapafu yaliyokulia juu yamezoea hewa nyepesi. Lakini riadha ni pana. Mita 100, mita 400, kupokezana vijiti, kuruka chini, kurusha tufe na mkuki havihitaji mlima. Vinahitaji mahali palipo wazi na sawa, mtu wa kufundisha, na kwa kuruka chini, mchanga. Mchanga, alhamdulillah, hatujapungukiwa.

Mahali palipo wazi ndiko kwenye mgogoro wetu. Nyuma ya msikiti lipo eneo la wakfu ambalo watoto wa madrasa hulitumia baada ya alasiri. Maji yanapokupwa wavulana hucheza ufukweni, lakini yakijaa hawana pengine, na wasichana ufukweni hawaendi kabisa. Imeletwa pendekezo kwamba eneo hilo lijengwe fremu za maduka zipangishwe, na kodi yake isaidie posho ya maalim, umeme wa pampu ya kisima na ukarabati wa paa. Hatutadharau hoja hiyo. Maalim anayefundisha watoto wetu ana watoto wake, na posho yake huchelewa hata pale tunapoipata. Katika msimu wa korosho michango huingia. Msimu ukipita, kibubu husinzia.

Hati ya wakfu inasema eneo ni kwa manufaa ya madrasa. Wanaotaka fremu wanasema kodi ndiyo manufaa. Wanaotaka eneo libaki wazi wanasema aliyeliweka wakfu aliwaona watoto wakicheza pale uhai wake wote na hakuwazuia. Sisi tulio katika utumishi wa kamati tumegawanyika, na katibu anaandika haya akiwa upande wa pili, jambo ambalo wajumbe wenzake wanalijua. Tumekubaliana wote kwamba neno la wakfu halifasiriwi kwa wingi wa kura, na kwa hiyo kadhi ameandikiwa ili atupe mwongozo.

Wakati jibu likisubiriwa, tulipima. Kiwanja kamili cha mita 400 huhitaji kama mita 176 kwa 92, nacho hakiwezi kuingia pale hata tukikata minazi yote, na minazi hatuikati. Lakini upande mrefu wa eneo, kuanzia ukuta wa madrasa hadi kwenye mwembe, una nafasi ya njia iliyonyooka ya mita 100 na hatua za kusimamia mwishoni. Kila njia ya mkimbiaji ina upana wa mita 1.22, tungepata njia nne bila kugusa kaburi wala kisima. Shimo la kurukia lenye upana wa mita tatu lingekaa upande wa kusini. Na mbele, kando ya barabara, pangebaki ukanda wa fremu tatu ambazo mlango wake ungetazama nje. Hazitaleta kodi ya fremu nane. Zitaleta kitu. Fundi mmoja wa hapa ameuchora mchoro huo bila malipo, na umebandikwa ubaoni kwenye ukumbi wa nje wa msikiti tangu juma lililopita.

Mwalimu wa michezo wa shule ya msingi amekubali kuja siku mbili kwa juma, baada ya alasiri na kabla ya magharibi, iwapo eneo litabaki. Ameomba wasichana wawe na siku yao, na mmoja wa akina mama asimamie. Mama watatu wamejitokeza. Bibi mmoja, aliyesikiliza mazungumzo yote kimya, aliuliza kama viatu vitahitajika. Mwalimu akamjibu kwamba kwa kuanza hapana, miguu mitupu kwenye mchanga inatosha, ila vigae na miba viokotwe kwanza.

Kikao cha wazi kitafanyika Ijumaa ya pili ya mwezi ujao baada ya swala, mara tu jibu la kadhi litakapofika. Akina mama wamewekewa nafasi katika chumba cha madrasa, ambamo sauti ya kikao itasikika na maswali yao yatapokelewa kwa maandishi au kwa mdomo. Mzazi ambaye mtoto wake yuko darasa la tano na kuendelea aje na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwa sababu tumeona kwenye daftari la madrasa majina matatu tofauti ya mtoto mmoja, na mashindano ya shule, kama ilivyo kwa vyuo, hutaka jina moja.